Darcy, Thornton, Rochester, Heathcliff, Wentworth na Oak: nani anafaa kupendwa, na uanze na kitabu kipi

Wanaume wa riwaya za mapenzi za Kiingereza za zamani huwa wanalinganishwa kwa vitu vile vile, nani ana hela, nani ana jumba, nani anajua maneno matamu, na siku hizi zaidi ni nani aliigizwa na msanii mzuri kwenye muvi. Mi nimewasoma hawa wote na wengine nimewarudia, na naona vipimo hivyo havimsaidii mtu anayetaka kuchagua, maana mwanaume akiwa anapendwa ni rahisi kupendeza. Kipimo changu ni kimoja tu: siku alipoambiwa hapana, alifanya nini? Karibu kila mmoja wao anapigwa kibuti kwenye kitabu chake, au anadhani amepigwa, na hapo ndo unamjua ni mtu wa aina gani.

Na kipimo hiki sijakiokota tu, Jane Austen mwenyewe anakiweka mezani. Kwenye Pride and Prejudice ya mwaka 1813, kabla Darcy hajaja kuposa anatangulia Mr Collins, yule mchungaji, anamposa Elizabeth Bennet, Elizabeth anakataa kwa adabu, alafu Collins anamjibu kwamba anajua ni kawaida ya wasichana kumkataa mwanaume ambaye moyoni wameshamkubali, na kwamba wakati mwingine wanakataa hadi mara ya pili na ya tatu. Kadiri Elizabeth anavyorudia ndo Collins anavyozidi kujipa moyo. Sio mtu katili, ila neno la mwanamke kwake halina uzito kabisa. Sasa washike hawa wengine wote mmoja mmoja uwaweke pembeni ya Collins uone nani anafanana naye.

Naanza na Darcy na John Thornton kwa sababu wanawekwa pamoja kila mara, na kweli wanafanana, wote wawili wana hela, wote wana kiburi, wote wanaenda kuposa na wote wanakataliwa. Thornton ni wa North and South ya Elizabeth Gaskell, iliyotoka kwa mafungu kwenye gazeti alilohariri Charles Dickens kati ya 1854 na 1855.

Darcy ni mrithi. Ana Pemberley huko Derbyshire, ana pauni 10,000 kwa mwaka, ana miaka 28 na hajawahi kupingwa na mtu. Anamposa Elizabeth nyumbani kwa huyo huyo Collins, na posa yenyewe nusu ni mapenzi nusu ni matusi, anamweleza jinsi alivyopambana na nafsi yake asimpende, jinsi familia yao ilivyo chini, jinsi atakavyoonekana kwa watu. Elizabeth anamtolea nje vibaya sana, anamwambia hata angeposa kwa namna gani asingekubali, na anamgusa pale penyewe kwa kumwambia kwamba hakujiheshimu kama muungwana. Kesho yake asubuhi Darcy anamsubiri njiani kwenye matembezi, anampa barua, anainama kidogo na kuondoka. Watu wengi wanaisifia hiyo barua kwa sababu inafichua mambo ya Wickham, yule afisa kijana aliyekuwa anamchafua Darcy kwa Elizabeth, ila mi nawaomba muisome sentensi yake ya kwanza, kwa sababu kitu cha kwanza kabisa anachomwambia ni asiwe na wasiwasi, humu ndani hakuna kurudia yale ya jana usiku wala kumposa upya. Yaani mtu ametukanwa, hajalala, ana mengi ya kujitetea, lakini anaanza kwa kumwondolea msichana hofu ya kusumbuliwa. Collins asingeweza kuandika sentensi hiyo hata umpe mwaka mzima.

Alafu ananyamaza. Miezi inapita. Wickham anatoroka na Lydia, mdogo wake Elizabeth, familia nzima inakaribia kuaibika kiasi kwamba hata hao dada wengine wasingepata wachumba, na Darcy anaenda London kimya kimya, anawatafuta, analipa madeni ya Wickham zaidi ya pauni 1,000, anaongeza pauni nyingine 1,000 kwa ajili ya Lydia, anamnunulia Wickham cheo jeshini, na anawafunga mdomo wote wanaojua. Elizabeth asingejua kama Lydia asingeropoka. Hii ndo sababu namheshimu Darcy, sio yale maji ya ziwa ambayo kwenye kitabu hayapo, yaliwekwa na BBC kwenye tamthilia ya 1995 ya Colin Firth. Na akija kuposa mara ya pili anamwambia kama moyo wako bado ni ule wa Aprili, niambie neno moja tu na sitaligusa tena suala hili maisha yangu yote.

Kasoro yake ipo na sio ndogo: alimtenganisha rafiki yake Bingley na Jane, dada yake Elizabeth, kwa kujiona anajua moyo wa msichana asiyemjua, na Jane alikaa karibu mwaka mzima anaumia peke yake. Hilo halifutwi na kulipa madeni ya mtu mwingine.

Thornton hajarithi kitu isipokuwa aibu. Baba yake alicheza na hela za biashara, akafilisika, akajiua, na mtoto akatolewa shule akiwa kijana mdogo akaenda kuuza vitambaa dukani kwa mshahara wa shilingi 15 kwa wiki, na mama yake alikuwa anahakikisha shilingi 3 kati ya hizo zinawekwa pembeni kila wiki. Akaja kuwa na kiwanda cha pamba kwenye mji wa viwanda ambao Gaskell ameuita Milton. Kwahiyo kiburi chake ni cha mtu aliyejijenga, ndo maana ana ugumu na wafanyakazi wake, anaona kama yeye aliweza kwanini wengine washindwe. Margaret Hale, binti wa mchungaji aliyehamia kutoka kusini, anampinga uso kwa uso juu ya hilo, na kitabu kinampa Margaret haki kwenye mengi.

Siku ya mgomo watu wamejaa nje ya nyumba ya Thornton wana hasira, Margaret anatoka kumkinga, jiwe linampata yeye. Kesho yake Thornton anaenda kuposa, Margaret anachukia, anamwambia mwanamke yeyote angefanya vile kwa mtu yeyote. Thornton anaumia waziwazi, anamwambia nitakupenda tu na huwezi kunizuia, anatoka, anapanda basi la farasi linalopita bila hata kuuliza linaenda wapi, linampeleka nje ya mji huko anatembea mashambani mpaka akili itulie, ndo anarudi.

Kinachofuata ndo kinanifanya nimpende kuliko Darcy. Mama yake Margaret ni mgonjwa, na daktari alishasema matunda yatamfaa. Mtu aliyetoka kukataliwa na binti anaenda dukani mwenyewe, anachagua zabibu na matunda mazuri, anabeba kapu kwa mkono wake kupitia mitaa ya mji ambao kila mtu anamjua, na anaingia kwenye ile ile nyumba aliyokataliwa, anampa mama mgonjwa, anaongea naye kwa upole, na kwa Margaret haelekezi hata jicho la kulalamika. Hajaja kujionyesha. Amekuja kwa sababu mama anaumwa, kwanini posa kukataliwa iwe kosa la mama? Usomaji wangu wa kitabu kile ulibadilika hapo.

Na mtihani wake ni mkubwa kuliko wa Darcy. Anamuona Margaret usiku stesheni na mwanaume asiyemjua, baadaye mtu mmoja anakufa kutokana na tukio la hapo hapo, Margaret anamdanganya polisi kwamba hakuwepo. Thornton ni hakimu, anajua amedanganya, anaamini yule ni mpenzi wake (ni kaka yake anayejificha sheria, ila Thornton hajui), na bado anatumia nafasi yake kuzima uchunguzi ili Margaret asiaibike. Unaweza kubishana kama ni halali kwa hakimu, mi mwenyewe naona sio sawa kisheria, lakini kama kipimo ni mtu anafanya nini na nguvu aliyonayo juu ya mwanamke aliyemkataa, hapa umeshapata jibu.

Halafu anabadilika na kwa wengine, sio kwa Margaret tu. Higgins, kiongozi wa mgomo, anasimama masaa 5 kumsubiri aombe kazi, Thornton anamfukuza, baadaye anafuatilia anagundua jamaa anaomba kazi ili alee watoto wa jirani aliyekufa, anaenda mpaka nyumbani kwa Higgins kumwambia nilikosea njoo kazini. Bosi wa kiwanda karne ya 19 anakanyaga nyumba ya mfanyakazi kuomba radhi! Wanafika mpaka kuanzisha sehemu ya kulia chakula kiwandani na yeye anakaa anakula nao. Alafu anafilisika kwa sababu anakataa kuingiza hela za waliomkopesha kwenye biashara ya kubahatisha, na mwishoni ni Margaret aliyerithi ndo anakuja kumpa mkopo wa pauni 18,057 zilizolala benki. Kwahiyo mwanamke ndo mwenye mtaji, na Thornton anapokea bila kuona ameshushwa.

Nikiulizwa Darcy au Thornton, kama unataka kitabu chepesi, cha kuchekesha, mazungumzo makali, chukua Darcy. Kama unataka mwanaume mwenye kazi, madeni, mama mkali nyumbani na maisha ya jasho, chukua Thornton na uvumilie sura za mwanzo zinazoenda taratibu, na uvumilie mwisho pia maana umekimbizwa kidogo.

Haya twende kwa wale wa moto, Rochester na Heathcliff. Wote wametoka nyumba moja, Charlotte Brontë alitoa Jane Eyre Oktoba 1847 na mdogo wake Emily akatoa Wuthering Heights Desemba mwaka huo huo, wote kwa majina ya bandia. Hapa nasema wazi, hawa ndo wanaopendwa zaidi na vijana na ndo ninaowahofia zaidi.

Rochester ana mvuto na siukatai. Jane ana miaka 18, ni mwalimu wa nyumbani, hana baba hana mama hana hela, na huyu mwajiri wake aliyemzidi kama miaka 20 anakaa naye jioni anaongea naye kama mtu mwenye akili, anamuuliza anafikiria nini, na kweli anasikiliza jibu. Hakuna mtu aliyewahi kumfanyia hivyo. Ndo maana tunampenda, kwa sababu tunakaa kwenye macho ya Jane. Lakini ukiacha macho ya Jane ukahesabu matendo, anajifanya anamuoa Blanche Ingram ili Jane aone wivu, anavaa nguo za mwanamke mpiga ramli ili amchimbe siri za moyo, alafu anampeleka kanisani wakati mke wake Bertha yuko hai amefungiwa ghorofa ya juu. Huyo Bertha alimuoa Jamaica, kwenye familia ya mashamba ya West Indies, na alikuja na pauni 30,000, yaani hela zilipokelewa na mtu akafichwa. Kila mara nikisoma najiuliza Bertha angesimulia vipi upande wake, na Charlotte hampi nafasi ya kujieleza mwenyewe.

Sasa njoo kwenye hapana. Ndoa imezuiwa madhabahuni, Jane amejifungia, anatoka, Rochester anaomba msamaha na Jane moyoni anamsamehe hapo hapo, ila hasemi. Alafu anamtaka waende wakaishi kusini mwa Ufaransa, aitwe mke wake. Kwa lugha ya mtaani anamtaka awe nyumba ndogo, na papo hapo anamsimulia mahawara watatu aliopitia na jinsi alivyowachoka, hajui kwamba Jane anasikiliza na kujiambia siku moja nitakuwa wa nne kwenye hiyo hadithi. Jane anakataa. Rochester anamwambia asikie sababu la sivyo atatumia nguvu. Anamshika, anamtikisa, anasema angeweza kumpinda kwa vidole viwili. Mwishowe anamwachia, na analia, na yale machozi ni ya kweli. Lakini nguvu ilitajwa, na Jane anatoroka alfajiri na shilingi 20 mfukoni, anasahau mzigo wake kwenye gari la farasi, analala nje, anafika kuomba uji uliokuwa unaenda kutupiwa nguruwe.

Kinachomwokoa Rochester kwangu ni yale yaliyotokea Jane akiwa hayupo. Bertha anachoma nyumba, Rochester anawatoa watumishi, anarudi juu kumfuata mke wake paani, mke anaruka, yeye anabaki na mkono mmoja na bila macho. Hakuna Jane wa kumshangilia pale, alienda tu. Na Jane anarudi kwa miguu yake mwenyewe akiwa na pauni 5,000 zake, baada ya kugawana na binamu zake urithi wa 20,000, anamwambia mimi sasa najitegemea. Bila hizo 5,000 nisingeukubali mwisho wa kitabu kile. Ukiweka na St John Rivers pembeni, yule mchungaji mzuri wa sura anayemlazimisha Jane waoane waende India kuhubiri, huyu naye hakubali hapana, tena anaweka na Mungu katikati, unaona Charlotte alijua anachofanya: alimpa Jane wanaume wawili wanaombana, mmoja kwa mapenzi mwingine kwa wajibu, na binti akawashinda wote.

Heathcliff hashindani. Naomba nieleweke, Wuthering Heights ni kitabu kikubwa, kuna kurasa zinakutoa pumzi, na yule mtoto aliyeokotwa mitaa ya Liverpool akaletwa nyumba ya watu akapigwa na kudhalilishwa na Hindley, mtoto wa kiume wa nyumba ile, huruma yangu yote anayo. Anamsikia Catherine, dada yake Hindley anayempenda, akisema kuolewa na Heathcliff kutamshusha, anaondoka kabla hajasikia sentensi zinazofuata ambazo Catherine anasema yeye na Heathcliff ni nafsi moja. Inauma. Ila hapana yake anaijibu hivi: anarudi baada ya miaka 3 na hela, anamuoa Isabella ambaye hampendi ili kumkomoa kaka yake Isabella, ambaye ndo amemuoa Catherine, usiku wa kutoroka naye anamtundika kwa kitambaa mbwa wa huyo huyo bibi arusi, na Isabella ndani ya muda mfupi anaandika barua akiuliza huyu niliyeolewa naye ni binadamu, na kama ni binadamu ni kichaa, na kama sio ni shetani? Baadaye anamfungia ndani binti wa Catherine, anampiga makofi, anamlazimisha ndoa na mwanae mgonjwa huku baba wa binti yuko kitandani anakata roho. Mtu akiniambia hiyo ndo ndoto yake ya mapenzi najua ameona muvi tu, maana muvi nyingi zinakata nusu ya pili yote ya kitabu. Msome, ila msome kama hadithi ya kisasi kinachokula watoto wasio na kosa. Na ukitaka mapenzi mle ndani yatafute mwishoni kwa Hareton, mtoto wa Hindley, na Cathy mdogo, huyo binti wa Catherine, binti anamfundisha kijana kusoma, basi.

Knightley wa Emma, riwaya nyingine ya Austen (Desemba 1815), nampitia haraka. Ni mtu mzuri sana, anampelekea Miss Bates maskini matofaa yake ya mwisho, anamkanya Emma usoni siku alipomdhihaki huyo Miss Bates kule Box Hill, na akidhani Emma anampenda Frank Churchill anajiondoa anaenda zake London kwa kaka yake bila kelele. Akishakubaliwa anahamia yeye kwa mkwe wake, kwa sababu Emma hawezi kumuacha baba mzee, na mwanaume wa cheo kile mwenye Donwell Abbey yake kufanya hivyo sio jambo dogo. Kinachonikaza ni kwamba ana karibu miaka 38 na Emma 21, na anasema mwenyewe alimpenda tangu Emma ana miaka 13. Wasomaji wengine linawapita, mimi halinipiti.

Nimewaacha mwisho Frederick Wentworth na Gabriel Oak kwa sababu wote wawili ni watu wa kusubiri, ila kusubiri kwao ni tofauti kabisa.

Wentworth wa Persuasion (ilitoka mwisho wa 1817, Austen ameshafariki) alichumbiana na Anne Elliot mwaka 1806, Anne ana miaka 19, yeye afisa wa jeshi la majini asiye na kitu. Mlezi wa Anne akamshawishi avunje, akavunja. Miaka 8 baadaye anarudi na pauni 25,000 za meli za adui alizoteka, na amenuna. Anasema Anne amebadilika mpaka asingemtambua, na maneno yanamfikia Anne. Anachezacheza na Louisa Musgrove mbele yake mpaka Louisa anaanguka kwenye gati la Lyme anapoteza fahamu. Kwahiyo hapana yake aliijibu kwa kisirani cha miaka. Ila mwili wake unamsaliti, mtoto anamng'ang'ania Anne mgongoni na yeye ndo anakuja kumtoa bila kusema neno, Anne amechoka kutembea na yeye ndo anayemtafutia nafasi kwenye gari na kumpandisha.

Alafu ile barua. Wako chumba kimoja cha hoteli Bath, watu wanaingia na kutoka, Wentworth anaandika mezani, Anne anaongea na Captain Harville kuhusu nani anasahau mapema, mwanaume au mwanamke, na katikati ya maongezi kalamu inamdondoka Wentworth. Anne anaendelea, anasema wanawake wanapenda hata tumaini likiisha. Wentworth anaendelea kuandika, ila sasa anaandika kitu kingine. Anatoka nje, anarudi anajifanya amesahau glavu, anachomoa barua chini ya makaratasi, anaiweka mbele ya Anne na kutoka tena. Humo anamwambia nusu yangu ni maumivu, nusu ni matumaini. Hakuna ukurasa mwingine kwenye riwaya hizi zote unaonifikia hivyo. Na baadaye anamuuliza, ule mwaka wa 1808 nilipokuwa nimeshapata meli na elfu kadhaa, ningekuandikia ungenirudia? Anne anasema ndiyo, kwahiyo anajua ni kiburi chake kilichowaibia miaka 6, na anakiri hivyo kwa mdomo wake.

Oak ni wa Far from the Madding Crowd ya Thomas Hardy, 1874. Ana miaka 28, amekopa kuanzisha ufugaji wake wa kondoo, anamposa Bathsheba Everdene kishamba kweli, anamuahidi piano, anamwambia jioni kila nikiinua macho wewe upo na wewe ukiinua macho mimi nipo. Bathsheba anasema yeye angependa kuwa bibi arusi kama ingewezekana bila kuwa na mume, na kwamba hampendi. Oak anajibu basi, sitakuuliza tena. Na kweli hamuulizi. Muda si mrefu mbwa wake mdogo anawakimbiza kondoo 200 wanadondoka kwenye shimo la chokaa wote wanakufa, Oak anabaki bila kitu, na kazi anayokuja kuipata ni kuchunga kondoo wa Bathsheba, ambaye sasa amerithi shamba.

Fikiria hali hiyo, mwanamke uliyemposa sasa ndo bosi wako, na unamuona anampa matumaini Boldwood, mkulima jirani, kwa utani wa kadi ya Valentine, alafu anaolewa na Sajenti Troy yule mzuri wa sura na panga. Oak anamwambia ukweli akikosea, sio kwa wivu, na siku moja Bathsheba anakasirika anamfukuza. Anaondoka. Mara kondoo wanavunja uzio wanakula majani mabichi wanavimba matumbo, wanaanza kufa, na mtu pekee anayejua kuwatoboa ni Oak. Bathsheba anatuma amri, Oak anasema aombe kwa adabu. Anaandika mwenyewe kikaratasi, usiniache Gabriel. Anakuja mbio, anatoboa kondoo 49 wanapona. Hapo unaona sio mnyonge, anajua thamani yake.

Na usiku wa dhoruba. Troy ameshamuoa Bathsheba, amewalewesha wafanyakazi wote kwa brandi kwenye sherehe ya mavuno, Oak peke yake ndo ameona chura njiani na kondoo waliokusanyika akajua mvua inakuja, na nje kuna marundo ya ngano na shayiri ya pauni 750 hayajaezekwa. Anapanda juu kuyafunika, radi inapiga pembeni yake, Bathsheba anatoka anapanda ngazi na miganda mkononi kumsaidia, wanafanya kazi usiku ule wawili, na katikati ya radi Bathsheba anamweleza jinsi alivyojikuta ameolewa na Troy. Oak anamsikiliza. Hatumii udhaifu wake. Anamwambia nenda kalale umechoka, na anaendelea peke yake mpaka asubuhi kuokoa mali ambayo mume wa Bathsheba ndo ataitapanya.

Boldwood yupo kwenye kitabu hicho hicho kama kioo kibaya, alikataliwa akambana Bathsheba kwa muda mrefu mpaka akamtoa ahadi huku Bathsheba analia, na mwisho wake ni bunduki. Oak mwishoni, Bathsheba akiwa mjane, anatoa taarifa kwamba anaacha kazi, na ni Bathsheba anayetembea usiku mpaka mlangoni kwake kuuliza kwanini. Kuna wanaosema Oak anachosha, hana mvuto wa Troy. Mi nasema mvuto upo, ila unahitaji kuwa umewahi kufanya kazi na mtu usiku ili uuone.

Basi chaguo. Kama mwanaume wa kuishi naye, kwangu Oak wa kwanza, Thornton anamfuata kwa karibu sana, Darcy na Knightley, alafu Wentworth, Rochester kwa masharti ya Jane tu, Heathcliff hapana. Kama kitabu cha kuanza nacho ni habari nyingine: Persuasion ina sura 24 tu kwahiyo haichoshi, Pride and Prejudice ina sura 61 ila fupi fupi na zinachekesha, Far from the Madding Crowd ina sura 57 na maneno mengi ya shambani, North and South sura 52 na lahaja ya wafanyakazi itakusumbua kidogo mwanzoni, Wuthering Heights sura 34 ila andika majina pembeni maana kuna Catherine wawili. Hakimiliki zimeshaisha, vyote vipo bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, unashusha kwenye simu. Ukichoka kusoma, tamthilia ya BBC ya 2004 ya North and South ina sehemu 4 tu, ila ukumbuke kwamba wamemfanya Thornton mkali kuliko alivyo kitabuni.

Na kama unamchagulia binti wa sekondari anayeanza kusoma riwaya ndefu za Kiingereza, mi nampa Jane Eyre, pamoja na yote niliyosema juu ya Rochester, ila akifika sura ya 27 kaa naye muisome pamoja.